Nyama ya soya ya kupima: miezi minne jikoni kwangu Tabata

Tangu Januari 2019 sijala nyama, na tangu mwezi huo sijakaa kwenye shughuli hata moja bila mtu kuniuliza nguvu nazipata wapi. Msibani wananiuliza, harusini wananiuliza, kwenye kikao cha vikoba ndiyo usiseme. "Mama Naeli, sasa protini unatoa wapi?" Mara nyingi anayeuliza ana mlima wa wali kwenye sahani na kipande kimoja cha nyama chenye ukubwa wa kifungo cha koti. Huwa namwacha amalize kula. Mimi ni fundi cherehani, watu wanaokuja na vipimo vyao kichwani nimewazoea: "Kiuno changu ni thelathini na mbili tu," na futi inasoma thelathini na nane.

Mwaka huu lakini aliyeuliza alikuwa baba Naeli, na hakuuliza kwa ajili yangu. Kijana wetu Elia ana miaka 15, anacheza mpira timu ya mtaa, kila suruali ninayomshonea inamkimbia baada ya miezi mitatu. Naye ameacha nyama, kwa kuniiga au kwa kumchokoza baba yake, sijajua. "Wewe ni mtu mzima, jiamulie," baba Naeli akasema. "Huyu anajenga mwili. Utamjenga kwa mchicha?" Swali halikuwa baya. Nikanunua mizani ndogo ya jikoni, ile ya betri inayosoma hadi gramu moja, na Ijumaa iliyofuata nikapanda gari la Posta kwenda Kisutu kutafuta nyama ya soya.

Kwa asiyeijua: ni vipande vikavu vya rangi ya udongo mwepesi, unavishika mkononi havina uzito, kama bisi. Inatengenezwa kwa soya iliyokwisha kukamuliwa mafuta. Unga unaobaki unapitishwa kwenye mashine yenye joto kali na mgandamizo, ukitokea kwenye tundu unavimba na kushikana nyuzinyuzi. Hizo nyuzi ndizo zinazoyadanganya meno kwamba hii ni nyama. Mara ya kwanza niliionja nikiwa msichana, kwenye makambi ya Wasabato kwetu Upare, siku ya somo la afya. Siku hiyo hiyo tulifundishwa kutengeneza nyama ya ngano, ile ya kuosha kinyunga kwenye maji mpaka wanga wote utoke ubaki mpira. Ile ya ngano sikuirudia tena. Inachosha mikono na inakula unga.

Kisutu nanunua kwenye duka moja la viungo, si mbali na mahekalu ya Wahindu. Huko watu wamekula bila nyama vizazi na vizazi na hakuna anayemuuliza mwenzake anatoa wapi nguvu. Gunia linakaa wazi mlangoni, kati ya dengu na choroko. Mwenye duka ni mzee, Kiswahili chake cha Dar kimenyooka kuliko changu.

"Babu, hii ni ya lini?"

"Gunia nimefungua jana, mama. Chukua moja vunja, usikie."

Nikavunja. Ikalia *kap*, kama biskuti. Babu akaniambia ikipinda bila kulia imeshaingia unyevu, na ikinuka uchachu niiache hata nikipewa bure. Akaniuliza nataka kubwa au chenga. Nikasema kubwa. Halafu, wakati anafunga mfuko, akanipa maelekezo ambayo kwenye paketi ya dukani sijawahi kuyaona: "Usiipike kama nyama. Ifanye kama unafua. Chemsha, suuza, kamua, suuza tena, kamua tena. Ukishafua ndiyo upike."

Nikanunua nusu kilo kwa shilingi 4,500. Mvuje kidogo akanitilia bure.

Sasa nieleze kosa langu, maana ni kosa la kila mtu. Nilifika nyumbani nikamimina nusu kilo yote kwenye sufuria la kawaida. Robo saa baadaye kifuniko kilikuwa kimeinuka chenyewe, vipande vinachungulia. Nusu kilo kavu ilikuwa imekuwa kilo moja na nusu na ushee, na nyumba ina watu wanne. Tulikula soya kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Baba Naeli akaibatiza "sponji" na jina limebaki.

Baada ya hapo nikaanza kupima kama mtu mwenye akili. Gramu 50 kavu, ikichemshwa dakika kumi na kukamuliwa vizuri, kwangu inatoka gramu 165 hivi. Na hapa ndipo namba ya kwenye paketi inapowapoteza watu. Paketi zinaandika protini gramu 52 kwa kila gramu 100, na namba ni ya kweli, ila ni ya kitu kikavu. Ukishakipa maji, gramu 100 za kwenye sahani zina protini kama 16. Maharage yaliyoiva yana kama 9. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa inapita 25. Kwa hiyo yule anayekwambia soya ina protini mara mbili ya nyama amelinganisha kitambaa kikavu na kilicholoa. Hajasema uongo. Amepima vibaya.

Lakini gramu 50 kavu kwa mtu mmoja ni sahani ya kutosha kabisa, na humo mna protini gramu 26. Hiyo si haba.

Mtoto wa dada yangu anasoma lishe chuo kikuu cha kilimo, SUA, Morogoro, na yeye ndiye aliyeniwekea hesabu sawa kwa simu. "Mama mdogo, usianze na chakula, anza na uzito wako." Kiwango cha WHO na FAO, mashirika ya afya na chakula ya Umoja wa Mataifa, cha mwaka 2007 kwa mtu mzima ni gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mimi nina kilo 68, kwa hiyo 56. Elia ana kilo 55. Umri wake unataka karibu gramu 0.9 kwa kilo, haifiki 50. Kwa kuwa anakimbia kila jioni mpaka giza, mpwa wangu anapendelea afike 1.4, yaani 77.

Nikakaa na daftari la oda za wateja, ukurasa wa nyuma, nikaandika siku yangu ya kawaida bila soya. Asubuhi mayai mawili: 12. Glasi ya mtindi: 8. Mchana makande: maharage humo yananipa 13, mahindi 5. Karanga kiganja kimoja, gramu 30, nazitafuna nikishona: 7. Jioni ugali: 8. Jumla 53. Ukija mchicha wa jioni na 3 zake, 56. Hesabu ikafunga kama zipu.

Nilicheka peke yangu. Miaka yote hii nimekuwa nikitembea na deni ambalo sidaiwi.

Na makande niliyoyahesabu ni yale yale ya mama yangu. Kwetu Upare, milimani, makande si chakula cha shida, ni chakula. Mahindi yamekobolewa, maharage, chumvi, siku nyingine maziwa. Wasabato walifika kwetu mwaka 1903, wakaanzia Giti, na somo la kula bila nyama lilikuta chungu tayari kiko motoni. Mpwa wangu anaeleza vizuri kinachotokea humo: mahindi yana upungufu wa laisini, mojawapo ya vipande vinavyojenga protini, na maharage yanayo tele. Maharage nayo yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Kila kimoja kinaziba tundu la mwenzake. Akaongeza kwamba wala si lazima vikutane kwenye sahani moja, ilimradi umekula vyote siku hiyo. Soya ni tofauti na jamii nyingine ya kunde, yenyewe imekamilika karibu kama yai. Hiyo naipa alama zake bila kinyongo.

Tuje kwenye hela. Bei za mwezi huu kwangu: soya ya kupima kilo 9,000, maharage kilo 3,200, nyama ya ng'ombe kilo 12,000 na mfupa umo, yai 400. Nikigawa kwa protini, gramu moja kutoka kwenye maharage inanigharimu shilingi 15 hivi, kwenye soya 17 au 18, kwenye nyama 60, kwenye yai zaidi ya 65. Maharage yameshinda, na sikutarajia. Nilikuwa nimeshaandaa kuandika kwamba soya ndiyo mkombozi wa maskini.

Ila maharage yana mkaa wake. Nikisahau kuloweka usiku, na ninasahau, yananila saa mbili za moto. Soya kuchemka, kukamua na kuunga ni dakika 25. Siku ambayo mteja wa sare za harusi amenishika mpaka saa moja usiku, hakuna makande. Siku hizo, mbili au tatu kwa wiki, ndiyo kazi ya soya nyumbani kwangu, na kazi hiyo inaifanya vizuri kuliko chochote ninachokijua.

Upishi sasa. Ushauri wa babu wa kufua uko sahihi kwa asilimia mia. Maji ya kwanza yanatoka ya njano, yana povu, na harufu ya gunia. Ukiyaacha humo, harufu hiyo hutaifunika hata uweke bizari kopo zima. Maji hayo pia yanaondoka na sehemu ya ile sukari ya kunde inayojaza tumbo gesi. Ijumaa ile ya kwanza nilikamua mara moja tu kwa uvivu, na usiku tukalala na dirisha wazi. Siku hizi nakamua mara mbili na natia mvuje punje moja kwenye mafuta kabla ya kitunguu. Unanuka vibaya ukiwa koponi, ukishaiva hausikii kitu, na tumbo linatulia.

Baada ya kukamua, ipumzishe na tangawizi ya kusaga (mimi naagiza ya Same, kwetu, inauma kweli), kitunguu saumu, chumvi na ndimu, dakika kumi. Ikaange kwenye chuma mpaka kingo zipate rangi. Hapo ndipo inapopata ladha, maana yenyewe haina ladha yoyote, inakunywa unachoipa. Kisha rosti ya nyanya, au tui la nazi. Kwenye tui ndiyo nzuri zaidi: vile vitundu vyake vinajaa tui, ukitafuna linatoka. Baba Naeli, ambaye bado anasema sponji, aliongeza mara mbili.

Kwenye pilau sikuipenda. Inanyonya supu iliyokusudiwa mchele, wali unabaki mkavu. Mishkaki ndiyo usijaribu kabisa. Nilitunga vipande kwenye vijiti, juu ya mkaa vikakauka vikawa kama kizibo cha chupa, na Elia akavirushia ukuta.

Chenga ni habari nyingine. Safari ya pili nilichukua robo kilo ya chenga, nikapika kama kima: kitunguu kingi, pilipili manga, kotimiri, nikajaza sambusa. Nilipeleka 40 kwenye kikao cha vikoba, zikaisha kabla ya hesabu kusomwa. Niliwaambia baada ya kula, nakiri. Dada mmoja alinuna kidogo, akasema ningesema mapema kwa sababu kuna watu soya inawadhuru, na alikuwa sahihi. Mzio wa soya upo. Siku hizi nasema kabla sahani haijazunguka. Sambusa bado zinaisha.

Kuhusu paketi za dukani: nilijaribu moja, ya gramu 200. Jina lake nalihifadhi. Chini ilikuwa na unga wa vumbi vijiko vitatu, vipande nusu vimevunjika, na ukiigeuza kuwa kilo inakuja 14,000. Faida yake ni tarehe ya mwisho, ambayo gunia la babu halina. Ukiwa unaishi mbali na duka lenye wateja wengi, duka ambalo gunia linakaa miezi, afadhali paketi.

Sasa hofu ile. Wanaume wa mtaani kwetu waliposikia Elia anakula soya, mmoja akamwita baba Naeli pembeni akamwambia soya inaua nguvu za kiume. Baba Naeli akaja nyumbani na uso wa msiba. Nikampigia mpwa wangu, nikaweka spika. Akamweleza baba yake mdogo taratibu kwamba soya ina vitu vinavyofanana na homoni ya kike kwa umbo lakini kazi yake mwilini ni dhaifu sana, na kwamba tafiti nyingi zilishakusanywa pamoja na kupimwa, mwaka 2010 na tena 2021, na homoni ya kiume haikuonekana kushuka kwa wanaume waliokula soya. Baba Naeli akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa mwanangu, asante." Simu ilipokatika akaniambia yeye ataendelea na maharage. Siku ya tui la nazi hakukumbuka.

Kitu ambacho soya haikunisaidia, na nataka wanawake wenzangu wasikie, ni damu. Mwaka 2021 nilikuwa napata kizunguzungu nikiinuka kwenye cherehani. Nikaenda kupima, wingi wa damu ulikuwa 10.4, na mwanamke asiye mjamzito anatakiwa afike 12. Kila mtu akasema ni nyama. Muuguzi aliyenihudumia aliniuliza swali moja tu: chai nakunywa saa ngapi? Chai ya rangi, kikombe kikubwa, mara tu baada ya kula, kila siku, tangu nikiwa mtoto. Chai inazuia madini ya chuma ya kwenye mboga na kunde yasiingie mwilini, na chuma cha mimea tangu hapo ni kigumu kufyonzwa kuliko cha nyama. Nikapewa vidonge vya miezi mitatu, chai nikaisogeza mbali na chakula, chungwa au ndimu ikakaa mezani. Soya nayo, pamoja na chuma chake, ina kitu ndani yake kinachokishikilia, kwa hiyo ndimu yangu haiondoki.

Jingine ni vitamini B12. Haimo kwenye soya, haimo kwenye maharage, haimo kwenye mchicha hata ule gunia. Mimi na Elia inatufikia kwa mayai na mtindi. Wewe ambaye umeacha na hivyo pia, usitegemee kitu chochote nilichokitaja hapa. Tafuta vidonge vyake.

Hukumu yangu: saba kwa kumi. Tatu nimekata moja kwa harufu ya mwanzo, moja kwa pilau, moja kwa sababu, kusema kweli, mimi mwenyewe sikuwa naihitaji. Kwa Elia ningeipa nane. Siku ya mazoezi anakula gramu 60 kavu, hizo ni protini 31, na pamoja na makande yake, mayai na maziwa anapita ile 77 bila mtu kumshikia kijiko. Mwezi uliopita nimemshonea suruali mbili mpya. Za zamani hazikuharibika, mapaja yake hayakuingia.

Naihifadhi kwenye ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, mbali na jiko, na sinunui zaidi ya kilo kwa mara moja kwa sababu ya unyevu wa Dar. Safari zangu ni Ijumaa mchana, nirudi kabla jua halijazama na Sabato haijaingia. Mara ya mwisho babu aliniambia chenga zinakaribia kuisha na gunia lingine linakuja wiki hii. Nimeshapewa oda ya sambusa 60 na mama wa jirani, ambaye nimemwambia mapema zina nini ndani.